Maswali ya Wasomaji: Pedi za polishi zikishaoshwa, zianikwe wapi?

Toleo lililopita tulieleza namna ya kuosha pedi za sponji za mashine ya polishi. Barua zilizofuata, nyingi kutoka Mtwara na Lindi, hazikuuliza tena habari za sabuni. Zimeuliza zianikwe wapi, na zikishakauka ziwekwe wapi. Tumechagua saba.

Habari za kazi, mafundi. Naosha pedi zangu jioni, asubuhi nazianika juu ya bati la banda. Ikifika saa sita mchana zimekauka kau. Ila tangu mwezi wa nane pedi tatu zimeachia velkro zikiwa kazini, moja ikaruka mpaka ukutani. Wenzangu wanasema nimeuziwa feki. Ni kweli?
*Fundi, Masasi*

Nzuri, ndugu yetu. Feki zipo, hatukatai. Lakini kabla hujaenda kugombana na muuzaji, chukua pedi moja iliyoachia uitazame pale ilipobanduka. Ukikuta kitambaa cha velkro kimetoka kisafi, kina utando wa gundi unaong'aa, na sponji imebaki nzima upande wake, basi gundi ndiyo iliyokufa. Hapo wa kushukiwa kwanza ni joto na maji. Ukikuta sponji yenyewe imechanika, na juu ya kitambaa imebaki ngozi nyembamba ya sponji kama ukoko kwenye sufuria, gundi ilishika sawasawa. Iliyochoka ni sponji, kwa jua, kwa umri, au kwa kukandamizwa mno kwenye kona ya bampa.

Kwa maelezo yako tunadhani yako ni ya kwanza. Bati lililopigwa na jua la Masasi tangu asubuhi huunguza kiganja. Hupita nyuzi 60 bila taabu. Pedi ni vitu vitatu vilivyoshikana: sponji ya poliyurethani, tabaka la gundi, na kitambaa cha velkro, kile kinachonasa kwenye mashine. Sponji inavumilia mengi, kitambaa nacho kinavumilia, gundi ndiyo dhaifu wao. Hukusema unailaza upande gani, lakini kama velkro ndiyo iliyokuwa chini, basi maji yote yaliyobaki ndani yameshuka yakatuama palepale kwenye gundi, na bati likayachemsha. Ukirudia hivyo mara kumi, gundi inakuwa kama ya bahasha ya zamani.

Jua lenyewe nalo lina kesi yake. Mionzi yake hugeuza poliyurethani kuwa ya manjano, kisha ukingo unaanza kumeguka ukiusugua kwa kidole, kama keki iliyokaa siku nyingi. Chembe hizo zikidondoka kwenye rangi ya gari ukiwa unapiga polishi, utazifuta siku nzima.

Kwa hiyo: kivuli na upepo. Fanya hivi.

Ukishasuuza, weka pedi katikati ya viganja viwili ukiwa umevinyoosha, ubonyeze bapa, uachie, uigeuze, ubonyeze tena. Mara tano au sita, mpaka matone yaishe. Usiikamue kama chicha ya nazi. Kule kuisokota ndiko kunakoivuta sponji kutoka kwenye gundi, na ufa huanza ukingoni, mahali usipopaona.

Halafu tumia mashine yenyewe kurusha maji yaliyobaki. Chukua ndoo safi ya lita 20, kavu. Funga pedi kwenye mashine, ishushe ndani ya ndoo uso ukiangalia chini, ndipo uwashe kwa spidi ndogo: mzunguko 600 hadi 1,000 kwa dakika kwa mashine ya kuzunguka moja kwa moja, au namba 3 kwa zile za mizunguko miwili zenye namba 1 mpaka 6. Sekunde 15 zinatosha. Zima, subiri isimame kabisa, ndipo uinyanyue. Ukiinyanyua inazunguka, wewe na ukuta mtaoga. Mikono iwe mikavu na waya wa umeme uning'inie juu, usilale kwenye sakafu yenye maji. Usifunge pedi inayotiririka. Uzito wa maji ukizungushwa unaivuta velkro kwa nguvu, na hilo ndilo unalolikimbia.

Huna umeme siku hiyo? Laza pedi kwenye taulo kavu la pamba, likunje juu yake, ukandamize kwa uzito wa mwili kwa dakika moja. Hamia sehemu kavu ya taulo, rudia.

Sasa kuanika. Kichanja cha vyombo kilicho nyuma ya nyumba kinafaa kuliko vifaa vingi vinavyouzwa, mradi kiwe kivulini. Laza pedi uso wa sponji ukiwa chini na velkro juu, ili maji yashuke yakiiacha gundi, na upepo upite chini kati ya fito. Baada ya saa tatu au nne zisimamishe kwa ukingo kama sahani. Juu yake tandaza kipande cha chandarua safi kuzuia majani na vumbi. Usizining'inize kwa vibanio: sponji yenye maji ni nzito, inavutika, na alama ya kibanio inabaki.

Kwa upepo wa kusi wa Juni mpaka Agosti, pedi ya unene wa milimita 25 iliyokwisha kurushwa maji hukauka kwa saa sita hadi nane. Ya milimita 32, au ile ya vitundu vidogo vilivyobanana, iache mpaka kesho yake. Utaona ni polepole kuliko bati. Ndiyo, na ni sawa.

Hizo tatu zilizoachia usizigundishe. Pedi ya inchi 6 ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, ukingo wake unakwenda zaidi ya kilomita 40 kwa saa, na gundi ya viatu haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Zikate vipande, upakie dawa ya matairi kwa mkono.

Shikamooni. Nina kibanda cha kuosha na kupiga polishi magari hapa Mtwara mjini, Chikongola. Mvua zikishika, kuanzia Desemba, pedi hazikauki. Nikizigusa ni kavu, nikiziweka kwenye ndoo yenye mfuniko, baada ya siku nne zinanuka kama nguo zilizolala na maji. Mbili zimeota vidoa vyeusi. Nizitie jiki?
*Msomaji, Mtwara*

Marahaba. Jiki hapana, na madoa tutayarudia. Tuanze na unyevu, maana ukitibu madoa ukauacha unyevu, mwezi ujao utatuandikia tena.

Anayejua makopa anaujua ugonjwa huu. Muhogo ukianuliwa mapema, nje unagonga kama kuni, ndani bado una maji. Ukiufunga kwenye gunia unaota ukungu. Sponji ndivyo ilivyo. Uso wake hukauka upesi kwa sababu unapigwa na hewa, lakini maji ya katikati hayana njia ila kupanda taratibu kupitia vile vitundu. Ukigusa uso unadanganyika. Na pwani yetu, tangu Desemba mpaka Aprili, hewa yenyewe imeshiba; haina nafasi ya kupokea maji mengi kama ya Julai. Pedi iliyokauka kwa saa nane wakati wa kusi inaweza kutaka siku mbili wakati wa mvua, na hakuna kilichoharibika.

Kidole kisitumike kupima. Kunja karatasi ya chooni mara nne, iweke mezani, laza pedi juu yake uso chini, ukandamize kwa kiganja kwa nusu dakika. Geuza ufanye hivyo upande wa velkro, tena hasa katikati. Karatasi ikibeba hata kivuli cha unyevu, bado.

Njia ya uhakika zaidi ni mizani ndogo ya kidijitali ya jikoni. Pedi ikiwa mpya na kavu, ipime, na uandike gramu zake juu ya velkro kwa kalamu ya wino usiofutika. Kila ukiosha, pima. Uzito ukirudi pale ulipokuwa, au ukazidi gramu moja au mbili kwa mabaki ya polishi, imekauka. Ukizidi gramu tano, mule ndani mna karibu kijiko kizima cha chai cha maji, hata kama uso unachakarika. Kwa kazi ya kila siku sisi tunapendelea mizani, haibembelezi mtu.

Wakati wa mvua anika ndani. Simamisha pedi kwa ukingo kwenye kichanja cha waya cha jikoni, ziachane vidole viwili, uweke feni ya meza umbali wa mita moja kwa spidi ya kati. Chumba kisifungwe, la sivyo feni itazungusha unyevu uleule usiku kucha. Fungua dirisha upande wa pili wa feni. Kwa kawaida saa 24 zinatosha, pedi nene saa 36 hadi 48. Mwenye chumba cha kiyoyozi ana bahati: kiyoyozi kinachuja maji hewani, ushahidi ni ule mpira unaodondosha nje.

Mambo ambayo wasomaji wengine wameyajaribu: jiko la mkaa (sponji hushika moto haraka na moshi wake ni sumu, hata isiposhika, masizi yanaingia vitunduni), tanuri ya maikrowevu (ndani inachemka kabla nje hujajua), na kuzifukia kwenye mchele. Mchele una vumbi laini linaloingia kwenye vitundu vya sponji. Mchele tuuachie pilau. Mashine ya kukaushia nywele inaruhusiwa, mradi iwe kwenye upepo wa baridi.

Ndoo yako yenye mfuniko haina kosa. Ilifungwa kabla ya wakati tu.

Sasa madoa. Jiki inaila sponji: pedi inakuwa ngumu, inakosa ule mnyumbuko, na baada ya wiki chache inapasuka. Chukua siki nyeupe kipimo kimoja na maji vipimo vitatu, loweka dakika 20, bonyeza mara kadhaa ili siki ifike ndani, kisha osha kwa sabuni ya maji na usuuze mpaka harufu itoke. Kausha kama tulivyosema. Ikibaki alama hafifu bila harufu, si neno, pedi inafanya kazi. Harufu ikirudi baada ya siku tatu, au ukiichungulia ukingoni ukaona weusi umezama mpaka kwenye gundi, iondoe kwenye kazi ya mashine. Ukungu wenyewe haukwaruzi rangi. Tatizo ni kwamba pedi iliyofikia hapo imekaa na maji muda mrefu, na huwezi tena kuiamini gundi yake.

Ndugu mhariri, huku kwetu Newala maji ni ya kuhesabu. Maelezo yenu ya "suuza chini ya bomba mpaka maji yatoke meupe" yametuchekesha. Naweza kuosha pedi sita kwa maji kiasi gani?
*Msomaji, Newala*

Mmecheka kwa haki. Lita nane zinatosha, zikipangwa.

Kazi ya kwanza ifanyike bila maji. Pedi ikiwa bado kwenye mashine, au umeishika mkononi, isugue kwa brashi ya nailoni yenye nywele laini, hata mswaki wa zamani, kuanzia katikati kwenda ukingoni. Kompaundi, ile dawa ya kusugulia rangi ya gari, ikikauka hutoka kama unga. Kila gramu inayotoka hapa ni maji uliyookoa. Ni vizuri zaidi kuifanya palepale kazini, kila baada ya kumaliza sehemu moja ya gari, mlango au boneti, kabla kompaundi haijashika kama saruji.

Halafu ndoo tatu ndogo. Ya kwanza lita 3, tia sabuni ya maji ya vyombo kijiko kimoja cha chakula. Ya pili lita 3 tupu. Ya tatu lita 2 tupu. Maji yawe vuguvugu, yale unayoweza kutumbukiza mkono usitamani kuutoa. Anza na pedi laini za kumalizia, kisha za kati, mwisho za kukatia, zile kali za kuondoa mikwaruzo, kwa sababu za kukatia zina chembe kubwa na hutaki chembe hizo zihamie kwenye pedi laini. Kila pedi ibonyeze mara kumi kwenye ndoo ya kwanza, kamua kwa viganja, ingia ya pili, kamua, ingia ya tatu. Yenye kompaundi iliyoganda iloweke nusu saa, isilale humo usiku kucha. Maji hupata nafasi ya kuifuata gundi.

Sabuni ya unga iepuke. Punje zisizoyeyuka zinabaki ndani, na nyingine zina dawa ya kung'arisha nguo. Petroli na thina ndiyo kabisa usiguse: sponji inavimba, gundi inayeyuka.

Utajuaje kama sabuni imetoka? Kamulia matone machache kwenye glasi, tikisa. Mapovu yakipotea ndani ya sekunde chache, imetosha. Yakikaa, rudi ndoo ya tatu. Sabuni iliyobaki itatoa mapovu na ukungu kwenye rangi siku ya kazi.

Maji ya mvua mnayovuna kwenye mapaa ni mazuri kwa kazi hii kuliko maji mengi ya visima, hayana chokaa wala chumvi na sabuni inashika upesi. Yachuje kwa kitambaa cha kanga kwanza. Vumbi la paa ni mchanga tu. Maji ya ndoo ya kwanza yana chembe za kompaundi, kwa hiyo yasiguse tena bodi ya gari. Osheeni sakafu.

Naishi Lindi, karibu kabisa na bahari, upepo unakuja na mchanga wake. Juzi nimepiga polishi ya kumalizia kwenye gari jeusi kwa pedi iliyooshwa na kukauka vizuri, nikaacha mikwaruzo ya mviringo mirefu. Nini kimetokea? Na je, ni sawa kuweka pedi zote kwenye mfuko mmoja wa nailoni?
*Msomaji, Lindi*

Punje moja ya mchanga. Mchanga wa ufukweni kwa sehemu kubwa ni kwatzi, jiwe gumu kuliko tabaka la juu la rangi ya gari lolote. Punje ikinasa kwenye kitundu cha sponji hailali, inazunguka na mashine, na kila mzunguko unachora mstari. Ukiona mstari mmoja mrefu wa mviringo, au miwili inayokwenda sambamba, hiyo ni punje. Utando wa mistari midogo kama wa buibui, uliotapakaa boneti nzima, ni jambo jingine: pedi kali mno, au kompaundi iliyokaukia ndani.

Kabla ya kuifunga pedi kwenye mashine, washa tochi ya simu, ishike chini kabisa sambamba na uso wa pedi. Punje itatoa kivuli au kumeta. Pitisha na ncha za vidole taratibu juu ya uso. Kisha chukua sidii ya zamani, upande unaong'aa, uisugue kwa pedi kwa mkono mara kumi bila kukandamiza. Sidii huchorwa kirahisi kuliko rangi. Ikibaki safi, endelea. Ikichorwa, rudisha pedi majini. Sidii moja inatosha mwaka mzima, na mtu yeyote ana rundo asilojua alipeleke wapi.

Kuhusu kuanika: ukiwa hapo ulipo, usianike upande wa bahari. Zungukia nyuma ya nyumba, juu kiasi cha kifua, maana mchanga unaopeperushwa husafiri zaidi karibu na ardhi. Chandarua peke yake hakizuii mchanga mwembamba. Funika kwa shuka jepesi la pamba lililotandazwa juu ya fito, lisiguse pedi. Kama kisima chako kina chumvi, maji ya mwisho ya kusuuza yawe ya mvua au ya bomba, nusu lita kwa kila pedi. Chumvi iliyobaki ndani huvuta unyevu hewani, na pedi uliyoikausha jana utaikuta leo inanata mkononi kama chumvi ya mezani wakati wa mvua.

Mfuko mmoja hapana. Sababu ya kwanza ni kwamba pedi ya kukatia ikigusana na ya kumalizia inaipa chembe zake, na kazi yote ya kuziosha kwa mpangilio inapotea. Ya pili, mfuko laini unazikunja. Sponji iliyokaa imekunjwa miezi miwili haiinuki sawasawa, na pedi isiyo bapa inatetemesha mashine.

Tafuta makontena matatu ya plastiki magumu yenye mfuniko unaobana, yale ya kuhifadhia chakula, marefu kutosha pedi kusimama kwa ukingo. Moja la pedi za kukatia, moja la kati, moja la kumalizia. Andika kwa maneno juu ya mfuniko, usitegemee rangi ya sponji: kila kiwanda kina rangi zake, na pedi ya chungwa ya huyu inaweza kuwa kali wakati ya yule ni laini. Pedi zisimame bila kubanana. Usitenganishe kwa magazeti, wino na nyuzi za karatasi huhamia. Ukitaka kitenganishi, kata kitambaa safi cha maikrofaiba. Tupia ndani vipakiti viwili vya silika, vile vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Vikikaa mvua nzima vinakuwa vimeshiba, badilisha.

Kontena lenyewe liwe kabatini au rafuni ndani ya nyumba. Si juu ya betri la gari, si karibu na dumu la petroli. Wala lisiachwe wazi: panya wanaipenda sponji kwa matandiko, na huwa hawachagui ile kuukuu.

Je, ni lazima pedi iwe kavu kabisa? Fundi wangu hupuliza maji kidogo kabla ya kuanza.
*Msomaji, Mikindani*

Fundi wako hakosei. Kupuliza mara mbili au tatu juu ya uso wa pedi kavu ni kuilainisha ili isinyonye kompaundi yote mara moja. Unyevu huo uko juu, na unaisha dakika ya kwanza. Pedi iliyoloa ndani ni kitu kingine: inaizimua kompaundi mpaka haikati, inarusha matone hadi kwenye vioo na mipira, na maji yakipata joto katikati ya pedi, ambako joto la msuguano ndiko linakokusanyika, yanaisumbua gundi kwa mvuke. Kama una gari mbili leo na pedi moja tu, fanya moja.

Pedi ya manyoya ya kondoo nayo ianikwe hivyohivyo?
*Msomaji, Kilwa Masoko*

Kivuli na upepo ni vilevile. Tofauti ni kwamba manyoya yanashikana yakikauka. Kabla ya kuanika yachane kwa brashi ya nailoni kutoka katikati kwenda nje, laza velkro juu, na yakishakauka yachane tena. Kisha funga kwenye mashine, izungushe hewani kwa mzunguko 1,000 kwa nusu dakika ukiwa umeiangalizia mbali na gari na macho: manyoya yatasimama, na yaliyokatika yatatoka yote hapo badala ya kutoka kwenye boneti ya mteja. Maji ya moto yasikaribie, manyoya ya kweli husinyaa. Na wakati wa kuhifadhi angalia nondo. Sponji hawaili, manyoya wanayala.

Mimi nafuata wateja majumbani, kutoka Nachingwea mpaka Ruangwa, pedi zinakaa kwenye buti la gari siku zote. Jioni nachoka, nazivua kesho yake. Nahitaji pedi ngapi, na buti lina shida gani?
*Msomaji, Nachingwea*

Buti la gari lililoegeshwa juani linapika, na wewe unaliegesha juani mara nyingi kwa siku. Pedi safi zinaweza kusafiri humo kwa siku ya kazi, ndani ya kontena, zikiwa zimefunikwa na blanketi au ziko sakafuni mwa kiti cha nyuma, ambako joto ni nafuu. Zikilala humo wiki nzima, gundi itafanana na ya yule ndugu wa Masasi.

Kosa kubwa zaidi ni kuacha pedi kwenye mashine mpaka kesho. Ikiwa imetoka kazini ina joto, na vile vijino vya plastiki vya kwenye sahani ya mashine vimelainika. Vikipoa vikiwa vimebanwa vinalala, na mwezi wa pili velkro haishiki tena. Mashine ikiwekwa imeegemea pedi, uzito wake unaacha bonde kwenye sponji. Ukimaliza tu, ivue, pasua taratibu kuanzia ukingoni kwa vidole vyote vinne ukishika upande wa kitambaa, si sponji. Ilaze uso juu ipoe dakika tano.

Kwa uchovu wa jioni kuna njia. Beba ndoo ndogo yenye mfuniko na lita 4 za maji yenye kijiko kimoja cha sabuni ya maji. Kila pedi iliyomaliza kazi na kupoa, itumbukize humo ukiwa bado kwa mteja. Kompaundi haitaganda njiani, na ukifika nyumbani kazi ni kusuuza na kukamua, dakika mbili kwa pedi. Zisilale humo usiku. Saa mbili tatu za safari hazina neno. Pedi laini ziwe na ndoo yake, hata kopo la rangi lililosafishwa likatosha.

Kwa gari dogo moja panga pedi mbili za kukatia, mbili za kati na mbili za kumalizia, ukibadilisha kila baada ya sehemu mbili tatu za bodi. Ukifanya gari moja kila siku, unahitaji seti tatu za namna hiyo wakati wa mvua: moja kazini, moja kwenye kichanja, moja imekauka inasubiri. Wakati wa kusi mbili zinatosha. Ukipita gereji yenye kompresa, unaweza kupuliza pedi kavu kuondoa vumbi, lakini mwambie mwenyewe afungue kwanza koki ya chini ya tangi atoe maji yaliyokusanyika, na upulizie kwanza kitambaa cheupe. Kikionyesha mafuta, shukuru uende zako.